Barua kwa mwanangu, pamoja na ndoo ya mawese

Kibirizi, Kigoma
Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba ya kwenye simu haikutosha, nakuitikia tena hapa. Marahaba, mwanangu. Sisi wazima.

Lile neno lako la mwisho limeninyima usingizi. "Nisamehe mama, sina faida kwenu." Nilinyamaza mpaka simu ikakatika, najua ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliogopa.

Faida huulizwa dagaa. Mimi nimepima dagaa maisha yangu yote, najua nini kinapimwa na nini hakipimwi. Wewe sikukuzaa nikupime. Duka limekutoa kazini, basi, limekutoa. Ila kunificha miezi miwili huku unakopa ili ututumie, hapo umekosea, nakulaumu.

Jambo hili sijakwambia, marehemu babu yako hakupenda lisemwe. Alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilikuwa cha siku 30, na siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa, hata kama ulitoka jasho mpaka jioni. Kule aliitwa kwa namba. Alirudi hana hata shuka. Bibi yako alimpokea pale stesheni kwa jina lake, kwa sauti, watu wakageuka. Ndilo jina ulilorithi. Halafu wewe unaniambia huna faida?

Yale maneno yangu ya siku jirani alipoletewa mabati na mwanawe, unayakumbuka. Yalinitoka tu. Huenda hilo neno lako lilianzia hapo. Sijui niseme nini zaidi.

Usinitumie hela mwezi huu, wala ujao. Kula. Lipa kodi ya chumba. Ukirudi nyumbani mikono mitupu, njoo mchana, usisubiri giza kama mwizi. Umenisikia? Njoo mchana.

Ziwa limefungwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane, vichanja vitupu. Nauza mihogo na mawese kidogo, tunakula. Mdogo wako kafaulu hesabu, yale uliyomfundisha likizo. Yeye hajauliza unatuma shilingi ngapi, anauliza unakuja lini.

Kwenye ndoo kuna mawese lita 5, na dagaa wa kabla ya ziwa kufungwa, nimewafunga kwenye khanga. Wapepete, wana mchanga kidogo. Khanga ni yako. Ndoo ni ya mama mdogo wako, usiigawe, ameshaniuliza mara mbili.

Mama yako