Nyufa ni njia, ghala ni jiwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu miamba ya mafuta yenye nyufa za asili ilieleza kuwa nyufa zikiwa nyingi, mafuta nayo ni mengi. Sivyo. Kwa kawaida nyufa hazifikii hata asilimia 1 ya ujazo wa mwamba; mafuta yamo katika vitundu vya jiwe linalozungukwa na nyufa hizo. (Graniti ya Bach Ho, eneo la mafuta la Vietnam, ni habari nyingine: humo jiwe ni kavu, mafuta yako nyufani.)

Ndiyo maana tangu watafiti Barenblatt na wenzake mwaka 1960, kisha Warren na Root mwaka 1963, modeli za kihesabu za miamba hii huhesabu mashinikizo mawili kila mahali: la ufa na la jiwe, jiwe likivujisha mafuta kwenda ufani. Anayetumia wastani mmoja wa upitishaji (wepesi wa mwamba kupitisha mafuta) kwa ufa na jiwe pamoja amepotea. Ufa wenye uwazi wa milimita 0.1 una upitishaji wa zaidi ya 800 kwa kipimo cha darsi, ilhali jiwe la pembeni huenda halifiki hata milidarsi 1, yaani elfu moja ya darsi. Uwazi ukiongezeka mara mbili, mtiririko huongezeka mara nane. Shinikizo likishuka na ufa ukabanwa, mtiririko hupungua kwa ukali uleule.

Kinachosumbua zaidi ni kigezo cha umbo, namba inayoamua mafuta yatoke kwa kasi gani katika bonge la jiwe. Kwa mchemraba wenye upande L, Warren na Root hutoa 60/L², mtafiti mwingine, Kazemi, 12/L². Tofauti ya mara tano, na kisima hakijapimwa bado! L nayo ikikadiriwa mita 1 badala ya 10, kosa ni mara 100.

Basi pimeni. Fungeni kisima, mchore shinikizo linavyopanda dhidi ya logi (logariti) ya muda. Ikitokea mistari miwili sambamba, nafasi kati yake huonyesha ni sehemu gani ya hifadhi iliyo nyufani, na wakati wa mpito kutoka mstari mmoja hadi mwingine huonyesha jiwe linalisha ufa kwa kasi gani. Mstari wa kwanza hufichwa mara nyingi, kwa kuwa mafuta huendelea kuingia kisimani baada ya vali ya juu kufungwa. Vali ya chini, karibu na mwamba, hupunguza tatizo hilo.

Kabla ya kudunga maji mwambani ili yasukume mafuta, hakikisheni jiwe linapenda maji. Likipenda, huyanyonya na kutema mafuta kwenye ufa. Mwamba wa chaki wa Ekofisk, eneo la mafuta la Norway, ulianza kudungwa maji mwaka 1987 kwa tegemeo hilo. Lisipopenda, maji hukimbilia nyufani hadi kisima cha uzalishaji, na modeli ya wastani haitawaonya.

Msomaji wenu