Bandama ilishatolewa, mume anasema nimepona. Nimfuate Tabora au nibaki Arusha?

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Mwenzenu nina jambo linaninyima usingizi, naomba mnisome mpaka mwisho, najua ni refu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, fundi cherehani, naishi Arusha. Nina ugonjwa wa damu unaitwa ITP, yaani kinga ya mwili wangu yenyewe inazishambulia chembe sahani, hizi wengi tunaziita plateleti, zinazofanya damu igande ukijikata. Mtu mzima wa kawaida kwenye FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, anakuwa na 150 mpaka 450 (hizo ni elfu), mimi siku nagundulika nilikuwa na 6. Niling'oa jino tu, damu haikukata usiku kucha, asubuhi mto wote umelowa ndio nikapelekwa hospitali.

Nikaanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza hiyo kinga, vidonge kibao kila asubuhi, uso ukavimba mashavu hayo, na watu mtaani wananipongeza eti ndoa imekukubali, kumbe mwenyewe usiku silali, sukari imepanda, nalia bila sababu. Na kila dozi ikipunguzwa plateleti nazo zinashuka. Ndipo wakashauri bandama itolewe maana ndiyo inayozisaga zile plateleti zilizoshambuliwa. Kabla sijasaini waliniambia wazi kwamba kama theluthi mbili ya wanaotolewa wanakaa vizuri muda mrefu, waliobaki zinashuka tena. Nikachomwa chanjo ya nimonia kabla ya operesheni, na ile ya uti wa mgongo ikabidi niifuate kwenye kituo cha kuchanja wasafiri, nikapanga foleni na mahujaji, mzee mmoja akaniuliza mwanangu na wewe unaenda Makka mwaka huu, nikamwambia mimi baba naenda kupasuliwa tumbo.

Baada ya operesheni zilipanda mpaka 400 na kitu, mama mkwe akachinja mbuzi kabisa. Hapo ndipo familia nzima ilipoamini yameisha, na kwao stori imeishia kwenye ule mbuzi. Mwaka uliofuata zikaanza kuteremka, nikapigwa picha kuangalia kama kuna kabandama kadogo kamebaki maana kuna watu wanazaliwa nako ka ziada, hakuna. Zikaja kutulia kwenye 40, 50, kuna siku 35, na hapo ndipo ninapoishi miaka yote hii. Daktari wangu anasema zikiwa juu ya 30 na hakuna damu inayotoka hana sababu ya kunirudisha kwenye prednisoloni. Kuna vidonge vya kisasa vya kuzipandisha, eltrombopagi, nilipotajiwa bei yake na bima yangu haivigusi nikashukuru nikaaga.

Na maisha yanaenda jamani. Sindano ikinichoma nabana kidole na pamba huku naendelea kumpima mteja kiuno. Nikibeba ndoo ya maji ule mshikio unabaki umechorwa kwenye kiganja na vidole, wa zambarau, siku kadhaa. Kuna jirani alishamvuta mume wangu pembeni akamwambia mzee mwenzangu huo mkono upunguze, alirudi ndani kanuna wiki nzima. Siku zangu ndio mtihani mkubwa, lazima nimeze traneksamiki, vidonge vya kupunguza damu, la sivyo sitoki nje. Nikiona vile vidoa vyekundu vidogo miguuni, ukivibonyeza havipotei, najua zimeshuka sana naenda kupima.

Ila kinachonitisha mimi sio damu, ni homa. Hili ndilo watu hawanielewi kabisa. Bandama ndiyo ilikuwa inawakamata wadudu fulani kwenye damu hasa hawa wa nimonia, ukiwa huna wanaweza kukumaliza ndani ya siku moja au mbili, na malaria nayo inakuwa kali haraka. Ndio maana nameza penisilini asubuhi na jioni kila siku ya Mungu, na kwenye pochi natembea na antibayotiki ya dharura. Amri niliyopewa ni kwamba joto likifika 38 nimeze dozi ya kwanza hapohapo kisha niwahi hospitali, sio kusubiri kukuche.

Niliwahi kushikwa na homa ya ghafla msibani kijijini, natetemeka meno yanagongana, nikameza dawa yangu ya pochi nikapelekwa zahanati, mhudumu akanitoboa kidole, malaria hakuna, akasema ni uchovu wa safari, akachukua na bomba anichome diklofenaki, dawa ya maumivu, sindano ya tako. Nikakataa. Mimi ya tako sichomwi maana inaniachia donge la damu, na diklofenaki, aspirini, brufeni zote nimekatazwa kwa sababu zinaharibu kazi ya hizo plateleti chache nilizonazo. Akaniambia mgonjwa gani wewe unamfundisha daktari. Shemeji yangu (Mungu ambariki popote alipo) akatafuta gari usiku uleule, tunafika mjini presha imeshashuka sana, wakanitundikia dripu na antibayotiki ya seftriaksoni, daktari akasema mngelala kule asubuhi tungekuwa tunaongea mengine.

Sasa tatizo lenyewe. Mume wangu ni mwalimu, mwaka jana alihamishiwa Tabora, tena sio mjini, ni wilayani ndani ndani, zahanati ipo lakini hospitali kubwa ni mwendo, na mvua zikinyesha barabara ndio hivyo tena. Anataka mimi na mtoto tuhamie Januari. Arusha malaria unaweza kukaa miaka usiisikie nyumbani kwako, Tabora ni kati ya mikoa inayoongoza nchi nzima. Nikimwambia hivyo ananijibu watu wote huku wanaugua malaria na wanadunda, na wewe bandama ilitolewa ili upone, sasa unaumwa nini. Juzi kaniambia unakata vitambaa toka asubuhi mpaka saa tatu usiku halafu kwangu ndio unakuwa mgonjwa? Nilikosa la kusema.

Simsemi vibaya, ni mtu mzuri, kipindi cha operesheni alilala kwenye benchi la hospitali na alikopa hela ya vipimo. Kukaa peke yake kule, kodi mbili, nauli kila likizo, nayo inamuumiza naiona. Mama mkwe sasa yeye kila simu ni mke hakai mbali na mume, utakuja kuletewa mwenzio, na huyu mtoto mmoja mpaka lini. Mimba yenyewe nimeshauliza, naruhusiwa, ila nijifungulie hospitali kubwa na mtoto apimwe plateleti akizaliwa maana hizo kinga mbovu zinaweza kupita kwenye kondo zikamfuata, hata kama mimi bandama sina. Sasa mimba, malaria na plateleti 40 huko wilayani, nani atanipokea saa nane usiku?

Daktari hakunikataza kwenda. Kasema nikienda nilale kwenye neti, nitumie dawa ya kuzuia malaria kila siku, na niwe na uhakika wa usafiri wa kufika hospitali. Yaani mpira akaurudisha kwetu.

Naombeni msaada. Kuna mtu humu hana bandama, iwe kwa ITP, ajali au selimundu, anaishi sehemu yenye malaria nyingi? Unaishije, hizo dawa za kuzuia unatumia zipi muda mrefu hivyo na mwili unakubali? Huko wilayani mliongea vipi na watu wa zahanati wakawaelewa, maana nimefikiria kwenda na barua ya daktari nimpe mganga mfawidhi mapema kabla sijaugua, sijui nitaonekana najifanya. Na wale mlioolewa, mlimwelewesha vipi mume, nimpeleke kliniki asikie kwa masikio yake? Yupo likizo wiki mbili tu na kliniki yangu inaangukia wiki ya pili.

Na watumishi hasa walimu, barua ya hospitali ya mke inaweza kumsaidia yeye kuomba uhamisho, hata asogezwe tu Tabora mjini? Anaianzisha kwa mkuu wa shule au inaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi? Anataka jibu langu kabla shule hazijafungwa ili amtafutie mtoto nafasi kule, na mimi nina fremu ya kulipia miezi sita mbele, mwenye nyumba ameshaanza kunipigia.