Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Daftari Safi, Kichwa Kitupu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

YAH: STADI ZA KUJISOMEA NA USHAURI NASAHA KATIKA SHULE ZA KATA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha, jukumu nililokabidhiwa kwenye kikao cha walimu kwa sababu, kama ilivyosemwa siku ile, nina sura ya upole. Sikupewa mafunzo, chumba wala kupunguziwa vipindi.

Mwaka jana mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea daftari lake, akilalamika kwamba anakesha akisoma lakini anafeli. Notisi zote zilikuwemo, kwa mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipolifunga na kumwomba anieleze, kwa Kiswahili tu, kwa nini upande mmoja wa mlima hupata mvua na wa pili hubaki mkavu, alinyamaza, kisha akaanza kulia. Hakuwa mvivu. Alikuwa amekariri sentensi za Kiingereza asizozielewa, na katika miaka yote ya shule hakuna aliyemwonyesha kwamba kujisomea ni kufunga daftari, kujiuliza swali, kukosea, kisha kurudi kutazama palipokosewa.

Mtoto huyo alifundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha alipoingia kidato cha kwanza lugha ikabadilika. Shule nyingi hutumia wiki za mwanzo kumwandaa kwa Kiingereza, na ni vyema. Naomba sehemu ya wiki hizo itengwe kwa stadi za kujisomea, zifundishwe kwa Kiswahili: kuandika muhtasari kwa maneno yake mwenyewe, kujipima bila kutazama, na kupanga ratiba inayokubali kwamba akitoka shule anatembea umbali mrefu na akifika nyumbani ndoo ya maji inamsubiri. Katika ratiba hiyo usingizi uwemo, kwa kuwa kijana wa umri huo anahitaji kulala muda wa saa 8 hadi 10, jambo ambalo makambi ya maandalizi ya mtihani wa kidato cha nne hulisahau kabisa.

Lakini stadi hizo zitafundishwa na nani? Hapa ndipo penye uzito, Mheshimiwa. Asubuhi ninaketi na mwanafunzi chini ya mwembe, shule nzima ikitutazama, nikimsihi aniambie kinachomsumbua. Mchana naweza kutumwa kumchapa kwa kuchelewa, na huenda alichelewa kwa sababu ile ile aliyokuwa karibu kuniambia. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka kiboko kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na visizidi vinne. Sizungumzii hapa kama kiboko kibaki au kiondolewe, ingawa maoni ninayo. Ninachoomba ni waraka mfupi unaosema kwamba mwalimu wa ushauri nasaha hatateuliwa kamwe kuchapa, na kwamba vipindi vyake vitapunguzwa ili apate saa za kusikiliza.

Nakala ya barua hii naielekeza TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kwa kuwa shule zetu ziko chini ya halmashauri na waraka usiopita huko huishia kabatini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya kata