Kifurushi chako kiko juu ya friji

Shoga yangu Rehema,

Mambo vipi, watoto hawajambo, na mzee wa hapo nyumbani? Sisi wazima, joto la Dar tu ndo linatumaliza. Najua umeninunia. Wiki ya pili hii unaulizia kifurushi, mi nakujibu mara gari la Mwanza limejaa, mara niko msibani. Gari halikujaa shoga. Kifurushi kiko juu ya friji, nimekifungua nikakisoma, nikashindwa kukipeleka stendi.

Hiyo chai yako ya kupunguza mwili ni sanamaki. Maandishi madogo mpaka nikamwita mwanangu anisomee. Ni yaleyale majani bibi alikuwa anatuchemshia tukikosa choo, ila haya yamewekewa picha ya mdada kiuno cha nyigu na bei ya kukutoa machozi. Sasa inapunguzaje? Unaharisha maji, unapanda mizani unakuta kilo 2 hazipo, vigelegele, kumbe mafuta yako palepale na nyama uzembe inakusubiri. Na wewe si unakunywa ile dawa ya presha ya kukojoza? Ile yenyewe inatoa maji na potasiamu, ukiongezea sanamaki asubuhi na jioni potasiamu inashuka zaidi, ikishuka sana moyo unaanza kudunda ovyo. Hilo ndo lilinizuia, mengine yote nayoandika hapa ni maneno tu.

Najua utasema mbona na wewe ulifanya. Nilifanya ndiyo! Harusi ya Zai, siku 9 za matango na mayai ya kuchemsha, kilo 5 zikaondoka, zipu ikapanda bila mtu kunishikia mgongo. Sikudanganyi raha ile naikumbuka mpaka leo, nilivyoingia ukumbini mama Kesi akakosa la kusema, mama Kesi yule! Na ngazi nilikuwa napanda magoti hayalii. Ila kilo nyingi zilikuwa maji. Nesi wa kliniki alinielezea baadaye, wanga mwilini unatunzwa pamoja na maji, gramu moja inashika kama gramu 3 za maji, ukiacha ugali na wali ule wanga wa akiba unaisha na maji yake yanaondoka nao. Nikala pilau la harusi ileile, siku mbili tu kilo 2 zimerudi. Baada ya miezi 2 nilikuwa nimezidi nilipoanzia, halafu nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, msusi ananiuliza dada umejifungua lini? Nilitaka kumrushia kitana.

Hebu piga hesabu, darasani si ulikuwa unanizidi. Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Wewe unataka kilo 12 kwa wiki 5, hapo upungukiwe kalori 2,600 na ushee kila siku. Rehema, hata ukifunga mdomo usionje kitu hufiki hapo! Kwahiyo anayekuahidi kilo 12 anakuuzia maji na misuli yako mwenyewe.

Na dada Hawa wa Pasiansi umesikia? Wamemtoa kifuko cha nyongo, mawe. Alikuwa anakula mlo mmoja kama wa ndege, kapungua haraka kila mtu anamsifia na mimi nikiwemo. Ukipungua mbio hivyo ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na usipokula mafuta kabisa kile kifuko hakijikamui, vitu vinaganda humo ndani. Haimpati kila mtu ila yeye imempata.

Si kwamba kupungua haraka ni kubaya kwa kila mtu, usije ukanisema kwa mama. Kule Uingereza mwaka 2017 walitoa matokeo ya watu wa kisukari waliokunywa supu na maziwa maalum ya kalori kama 850 kwa siku, miezi 3 mpaka 5, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari imekaa sawa bila dawa. Lakini wale walikuwa na wahudumu wanaowaangalia, dawa za presha walisimamishiwa mapema, na chakula wakarudishiwa kidogokidogo. We una yule dada wa WhatsApp anayesema vumilia mpenzi sumu zinatoka.

Haya niambie, daktari wako wa presha umemwambia lolote? Sendofu ni ileile tarehe 14 au wamesogeza tena? Fundi kaacha nafasi kwenye mshono au kabana kama kawaida yake? Bado mnatembea jioni na mama Juma au mmekosana tena? Hela yako nikurudishie kwa M-Pesa leo? Na hii chai niifanyeje, maana mama mkwe kaiona, na ana siku 3 hajapata choo.

Wako,
Mwana