Mjomba, waliposema vaa ukavua

Mjomba, shikamoo.

Naanza na radhi, maana nikiiweka mwisho utadhani nimeikumbuka njiani. Ile jioni ya 2021, tukibishana kuhusu korona, nilikuita mjinga mbele ya wanao. Hata kama ungekuwa umekosea yote, ile haikuwa kauli ya mpwa kwa mjomba wake. Nisamehe.

Juzi nilikuwa napitia jumbe zetu za zamani nikakuta jambo lililonichekesha, kisha likanikaa rohoni. Machi 2020 ulinitumia picha umejifunga kitambaa puani. Mimi, mtiifu wa kila tamko, nikakujibu kwamba wataalamu wamesema asiye mgonjwa hana haja ya barakoa. Ukaniandikia: "Wakisema hakuna haja, ujue haja ipo." Tarehe 5 Juni mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likageuza ushauri, likazitaka serikali ziwahimize watu wote kuvaa pale maambukizi yalipoenea na watu hawawezi kuachiana nafasi. Unakumbuka ulifanya nini? Ulivua.

Nimeifikiria sana hiyo. Waliposema usivae ukavaa, waliposema vaa ukavua. Mwenyewe uliita huko ni kujitegemea kimawazo, lakini Mjomba, mbona naona ni wao wao waliokuwa wakikuvalisha na kukuvua?

Nami sikuwa bora. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika hilo hilo lilitangaza, tena kwa herufi kubwa, kwamba ugonjwa huu hauenei kwa njia ya hewa. Basi nikaona hewa safi haina kazi, nikafunga madirisha yote, nikawa nasugua kwa sabuni kila mfuko uliovuka mlango. Julai wanasayansi 239 walitia sahihi barua ya kuomba suala la hewa lichukuliwe kwa uzito, na baadaye ikakubalika kwamba hewa ya ndani iliyotuama ndiyo hatari kubwa. Kumbe dirisha nililolifunga ndilo lingenifaa kuliko ile sabuni ya kwenye mifuko. Kwa hiyo uliposema hawa watu wanatangaza kwa uhakika mambo wasiyoyajua, ulisema kweli, na mimi nikakujibu kwa hasira kwa kuwa sikuwa na jibu.

Na ile hoja yako ya wakubwa kututungia sheria wasizozifuata wenyewe, hiyo sina hata la kubishana. Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Boris Johnson, alipigwa faini na polisi Aprili 2022 kwa mkusanyiko uliofanyika ofisini kwake wakati wananchi wamezuiwa kukusanyika. Aliyezika mzazi wake akiwa na watu wachache kaburini atamsikiliza nani tena?

Tatizo langu na wewe linaanzia kwenye ule ujumbe wa sauti. Mtu anajiita daktari, hana jina, hana hospitali, anakohoa kidogo ili tumwamini, anasema dawa ya kale ya malaria inatibu korona na kampuni kubwa zinaificha. Wewe uliyemdai waziri vithibitisho mwaka mzima, huyu hukumdai hata jina. Usiku huo huo uliusambaza kwa ukoo mzima.

Ngoja nikusimulie kuhusu dawa hiyo hiyo, hydroxychloroquine, maana naona kisa chake kitakupendeza. Mei 2020 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliodai kwamba wagonjwa waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi. Ungeusikia ungesema wameanza. Watafiti wengine nao walishtuka: takwimu za maelfu ya wagonjwa kutoka hospitali nyingi hivyo zimepatikana wapi? Wakaomba kuziona. Kampuni iliyozitoa ikashindwa kuzionyesha, na tarehe 4 Juni utafiti ukaondolewa. Hao ndio watu wenye shaka, Mjomba. Hawakumwogopa Lancet.

Lakini hawakuishia hapo. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY, lililowagawa wagonjwa kwa kura, wengine wapewe dawa na wengine wasipewe, lilionyesha mwezi huo huo kwamba dawa ile haipunguzi vifo. Jaribio hilo hilo likaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa kuukuu ya bei ya chini ambayo hakuna kampuni inayoimiliki peke yake, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kama shabaha ilikuwa kutuficha dawa rahisi, hii waliitangaza ya nini?

Kuhusu chanjo, uliniuliza inakuwaje itengenezwe ndani ya mwaka mmoja. Swali zuri. Utafiti wa wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman kuhusu mRNA, teknolojia iliyotumika kutengeneza baadhi ya chanjo hizo, uliowapa Nobel mwaka 2023, ulichapishwa 2005. Kilichokwenda mbio 2020 ni fedha, vibali na hatua za majaribio zilizofanywa sambamba. Hukupata maelezo hayo kwangu, ulipata kejeli. Na uliponitajia Tuskegee nilidhani ni uzushi wa mtandaoni. Nikaenda kusoma: kuanzia 1932 hadi 1972 watumishi wa afya wa serikali ya Marekani waliwatazama mamia ya wanaume weusi wakiugua kaswende bila kuwatibu, ilhali penisilini ilikuwapo tangu miaka ya 1940. Nikarudi kimya. Sikukwambia nimesoma.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Sisi wawili bado tunasalimiana kwa neno moja moja.

Ule ujumbe wa sauti nimeuhifadhi kwenye simu. Nikija nataka tuusikilize pamoja mpaka mwisho, sekunde za kukohoa zikiwemo, na uniambie ni kipi hasa kilichokufanya umwamini. Nami nitakusomea kwa sauti, mbele ya wanao, nilichokujibu siku ile ya kitambaa.

Mpwa wako.