Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ndege Wetu Msimu wa Baridi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kwa niaba ya kamati ya chama chetu cha wapenda ndege. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye swali lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: ndege wa bustani zetu tuwape nini kati ya Juni na Agosti?

Baadhi yenu mlitundika vipande vya mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na mbegu, kama wafanyavyo Uingereza. Kule kuna sababu. Ndege wa gramu kumi na kitu hulala usiku wa saa 16 ardhi ikiwa imeganda, na mafuta hayo ndiyo yanayomfikisha asubuhi. Kwetu Nairobi usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 hivi, giza halizidi sana saa 12, na nyasi bado zina mbegu za mvua za masika. Kwera na chiriku hawalali njaa. Shida yao ni maji, maana mawingu hutanda kutwa nzima bila kuleta mvua ya maana, na vidimbwi vinakauka.

Hilo lilijitokeza pia katika hesabu yetu ya Julai. Tulifuata utaratibu wa Waingereza, ambao huhesabu ndege wa bustani kila Januari tangu 1979: unakaa saa moja, na kwa kila aina unaandika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mpigo. Pasa yule yule akirudi mara tano, bado ni mmoja. Walioweka maji waliandika aina nyingi kuliko walioweka nafaka peke yake, kwa kuwa kurumbiza, shore na chozi hawana haja na mtama. Ni hesabu ya mwaka mmoja tu, lakini mimi imenishawishi. Fomu zilizonifurahisha zaidi zilitoka kwenye maghorofa ya mitaa ya Pipeline na Umoja, ambako sahani ya plastiki kwenye roshani ilitosha kuwaita tetere na shomoro.

Najua mgao wa maji unatubana. Maji uliyosuuzia mboga, yasiyo na sabuni, yanafaa kabisa. Sahani iwe na kina cha vidole viwili, weka jiwe katikati la kusimamia, na iwe mbali na kichaka anachoweza kujificha paka. Maji yabadilishwe kila siku mbili, mbu wasipate nafasi ya kukua humo.

Kuhusu usafi sitazunguka. Kuna kimelea kinachokaa kooni mwa njiwa na kuenea kwa mate yanayobaki kwenye chakula na maji. Uingereza kilihamia kwa chiriku wa kijani katikati ya miaka ya 2000 na kuwaua wengi mno, hata mwaka 2021 ndege huyo akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya nchi hiyo, yaani ya ndege walio hatarini zaidi. Ukiona njiwa amejikunyata, manyoya yametutumka na anameza kwa taabu, ondoa sahani zote, zioshe kwa maji ya moto na dawa ya klorini, uzianike juani, na usizirudishe kwa angalau wiki mbili. Na mahindi yaliyoota ukungu msiwape ndege. Sumu ya kuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa nchi yetu mwaka 2004. Ndege wa gramu 20 ataihimili vipi?

Kima wa bustani ya City Park nao tusiwape njugu. Wakizoea, wanaanza kunyang'anya watoto.

Wanachama wapya wanaotaka kujifunza majina ya ndege wajiunge na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971, na sijui darasa zuri kuliko hilo hapa mjini.

Kamati inaleta mapendekezo mawili mpigie kura. Kwanza, fedha za nafaka zinunue miche ya mishubiri na mihuti, ambayo maua yake huwalisha chozi bila sisi kuosha sahani yoyote. Pili, tuhesabu pia Januari, wakati mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya wako kwetu, kisha tulinganishe orodha hizo mbili. Fomu za Januari ziko tayari kwa katibu.

Mwenyekiti