Akiba tunaweka, mfuko ndio hautufikii

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu ile habari ya wiki iliyopita, ambamo mtaalamu alinukuliwa akisema sisi tuliojiajiri hatuna utamaduni wa kujiwekea akiba ya uzeeni. Nimesoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Ni fundi cherehani, nina miaka 57, na 31 kati ya hiyo nimeshona kwenye baraza moja hapa Moshi. Nimecheza mchezo wa kupeana hela kwa zamu, nimo kwenye vikoba viwili vya kuweka na kukopa, na tukivunja kikoba Desemba fungu langu huenda kwenye ada au matofali. Mwaka mmoja kijumbe, mkusanyaji wa hela za mchezo, alitoroka na zamu yangu, laki sita. Mwezi uliofuata nikaanza upya. Hiyo kama si akiba, ni nini?

Nilipofika miaka 50 nilikwenda kujiandikisha kwenye uchangiaji wa hiari wa mfuko wa pensheni. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, siku ambazo fundi hafungi banda. Nilifunga. Kijana wa dirishani akanipa fomu yenye nafasi ya jina la mwajiri. Nikamwambia mwajiri ni mimi. "Mzee wangu, hapa lazima pawe na mwajiri." Nikarudi na leseni, nikadaiwa TIN, namba ya mlipakodi. Nikarudi na TIN, mtandao uko chini, njoo kesho. Siku hiyo niliacha sare 14 zimeshakatwa mezani. Mama mmoja akakuta kufuli, akanisubiri, akachoka, na kitambaa cha mwanawe wa pili akakipeleka kwa fundi mwingine. Mara ya nne ndipo nikapokelewa. Nikalipa Januari, Februari na Machi. Aprili masika yakashika, kutwa nzima nabadilisha zipu moja na kupunguza suruali mbili. Sikulipa. Mei sikulipa. Hakuna aliyenipigia simu wala kuniuliza nimepatwa na nini. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye mshahara anakatwa kabla hajaushika, na mwajiri anamchangia. Mimi fungu lote ni langu, na hela yangu haiji kwa miezi, inakuja kwa misimu: shule zikifunguliwa Januari na Julai, Idi, Krismasi. Hata nisingekosa mwezi mmoja, ningetimiza hiyo 180 nikiwa na miaka 65, na tayari sasa sindano natungiwa uzi na binti wa duka la jirani.

Halafu tunaambiwa sisi wa sekta isiyo rasmi ni vigumu kufikiwa. Mkusanya ushuru ananifikia. Anakuja na mashine yake mkononi, risiti inatoka hapo hapo, hata mvua inyeshe. Vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilipotoka mwishoni mwa 2018, walitupata wote, mpaka muuza karanga wa kona.

Na nikiwa nimeshika kalamu niseme na hili la mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Sipingi hata moja, mke wangu amenufaika. Lakini mwanaume aliyevuka umri wa ujana na ana viungo vyake vyote hana fungu. Cherehani ikiharibika anaishia kwenye kausha damu, mikopo ya riba kubwa, na akiba yote ya kikoba inakwenda kulipa riba.

Ninachoomba kwa wanaohusika ni hiki. Wamkabidhi yule yule mwenye mashine ya ushuru kazi ya kupokea michango, hata shilingi 1,000, na risiti ioneshe jumla yangu hadi siku hiyo. Waweke meza sokoni wiki mbili za kwanza za Januari na wiki ya mwisho kabla ya Idi, kuanzia saa kumi na moja jioni tukiwa tumeshahesabu mauzo. Nikilipa kwa mpigo hela ya miezi sita, ihesabiwe miezi sita iliyo mbele. Na ile fomu waichapishe upya, isiyo na nafasi ya mwajiri.

Fundi cherehani,
Moshi